Chemchemi ya Mito Minne, Roma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katikati ya Piazza Navona, uwanja mkongwe wa jiji la Roma, kuna mwamba uliotobolewa kama pango. Kandokando yake wameketi wanaume wanne wakubwa wa marumaru, na juu yao imesimama nguzo ndefu ya mawe kutoka Misri. Maji yanamwagika pande zote. Hiyo ndiyo Chemchemi ya Mito Minne. Haya hapa ni maswali ambayo watu huuliza kuihusu. Mengine yanajibika kwa maneno machache. Mengine, hasa lile la fedha za ujenzi na lile la kichwa cha Nile, nimeyakalia zaidi, kwa sababu naona hayo ndiyo yanayofanya jiwe hili listahili kutazamwa mara ya pili.

Kwa nini uwanja wenyewe ni mrefu na umepinda upande mmoja?

Kwa sababu hapo zamani palikuwa uwanja wa michezo. Kaisari Domitian aliujenga na kuuzindua mwaka 86 BK kwa ajili ya riadha, ukiwa na urefu wa takriban mita 275. Dola ilipoanguka, watu walijenga nyumba juu ya mabaki ya ngazi walizokalia watazamaji, na ile sehemu ya kukimbilia ikabaki wazi. Ukitazama ramani ya leo bado utauona uwanja wa Domitian kama ulivyokuwa, ncha moja imenyooka na ile ya kaskazini imepinda. Hata jina limetokana na michezo hiyo. Mashindano yaliitwa *agones*, watu wakasema "in agone", ulimi ukateleza kizazi baada ya kizazi mpaka ikawa Navona.

Kabla ya chemchemi hii, pale katikati palikuwa na nini?

Birika la kunyweshea wanyama. Kuanzia mwaka 1477 soko la jiji lilikuwa limehamishiwa hapo, kwa hiyo punda, farasi na nyumbu walikuwa wengi, na walihitaji maji. Katika miaka ya 1570 Papa Gregori XIII alimwagiza Giacomo della Porta ajenge chemchemi mbili, moja kila ncha ya uwanja. Katikati pakaachwa birika. Wachuuzi waliteka maji hapo, wakaosha mboga, wakanywesha mifugo. Ni vizuri kulikumbuka birika hilo, maana kazi ya kwanza ya maji ya uwanja huu ilikuwa kukata kiu.

Maji yenyewe yanatoka wapi?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Wageni wengi hupiga picha sanamu na kuondoka bila kuuliza maji yamefikaje pale.

Mwaka 19 KK, Marcus Agrippa, jemadari na mkwe wa Kaisari Augusto, alifungua mfereji ulioitwa Aqua Virgo, yaani Maji ya Bikira. Chanzo chake ni chemchemi za Salone, mashariki ya jiji. Frontinus, aliyekuwa msimamizi wa maji ya Roma, aliandika kwamba jina hilo linatokana na msichana aliyewaonyesha askari wenye kiu vijito vya maji. Mfereji una urefu wa takriban kilomita 21, na karibu wote umepita chini ya ardhi. Hakuna pampu. Maji hushuka yenyewe kwa mteremko mdogo sana, ambao mafundi wa wakati ule waliupima kwa vyombo vya mbao na maji.

Kwa kuwa ulipita chini ya ardhi, mfereji huu ulinusurika kuliko mingine. Wagothi walipoizingira Roma mwaka 537 na kukata mifereji, mitaa ya juu ya vilima ilikauka na watu wakasongamana mabondeni karibu na mto Tiber. Aqua Virgo ulidhoofika, ukajaa tope, ukapungua maji, lakini haukufa kabisa. Papa Nikolasi V aliukarabati mwaka 1453, na mwaka 1570 ukarejeshewa nguvu zake zote. Ni maji hayo yaliyolisha chemchemi mbili za Della Porta, ndiyo yanayolisha chemchemi maarufu ya Trevi, na ndiyo yaliyovutwa hadi katikati ya Piazza Navona kwa ajili ya mito minne. Bila Agrippa, Bernini, mbunifu wa chemchemi hii, angebaki na rundo la mawe makavu.

Nani aliagiza ijengwe?

Papa Inosenti X, jina lake la kuzaliwa Giovanni Battista Pamphilj. Alichaguliwa mwaka 1644. Ukoo wake ulikuwa na nyumba pale pale uwanjani, na mara tu baada ya kuchaguliwa nyumba hiyo ilipanuliwa ikawa jumba la kifahari. Leo ni ubalozi wa Brazili. Kwa ufupi, alitaka uwanja ulio mbele ya mlango wa ndugu zake ufanane na hadhi yao mpya.

Ni kweli Bernini alimpokonya Borromini kazi hii?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Msanifu Francesco Borromini ndiye aliyekabidhiwa kwanza kuyavuta maji, na wazo la kutumia mito minne lilikuwamo katika pendekezo lake. Gian Lorenzo Bernini wakati huo alikuwa amewekwa kando. Alikuwa kipenzi cha Papa aliyetangulia, Urbano VIII wa ukoo wa Barberini, na Inosenti hakuwapenda watu wa Barberini. Juu ya hayo, mnara wa kengele aliouanzisha Bernini kwenye Kanisa la Mtakatifu Petro ulisababisha nyufa, ukabomolewa mwaka 1646. Kwa msanifu hiyo ni fedheha mbele ya jiji zima.

Walioandika maisha ya Bernini, mmojawapo akiwa mwanawe Domenico, wanasimulia kwamba mkabaila Niccolò Ludovisi, aliyekuwa amemwoa mpwa wa Papa, alimshawishi Bernini atengeneze mfano mdogo wa chemchemi, kisha akauweka kwenye chumba ambacho Papa angepita. Papa alipita, akasimama, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba asiyetaka kutekeleza michoro ya Bernini hana budi kujihadhari asiione. Kazi ikahama mikono.

Msimulizi hapo ni mtoto anayemsifu baba yake, kwa hiyo chumvi lazima iwepo. Lakini mabadiliko yenyewe yalitokea, na naona si haki kuitaja chemchemi hii bila kumtaja Borromini. Bernini alilipa wazo mwili na uhai ambao pengine hakuna mwingine angeupa. Wazo lenyewe, hata hivyo, hakulianza peke yake.

Nani alilipa?

Wakazi wa Roma, kupitia mkate wao.

Gharama ilikuwa takriban skudi 29,000 (sarafu ya Roma ya wakati huo), na sehemu ya fedha hizo ilipatikana kwa ushuru, ukiwemo wa mkate. Ilikuwa miaka mibaya. Mavuno yaliharibika mfululizo, na kufikia 1648 njaa ilikuwa imebisha hodi kila mtaa wa maskini. Kwa desturi ya Roma, mkate wa kawaida uliuzwa kwa bei isiyobadilika. Kilichobadilika ni uzito. Ngano ikiadimika, mkate unasinyaa. Mama aliyekwenda na sarafu ile ile ya jana alirudi nyumbani na mkate mdogo kuliko wa jana.

Ndipo yakaanza kuburutwa uwanjani mawe makubwa ya nguzo ya Misri. Usiku watu walibandika juu yake vikaratasi vya malalamiko. Roma ilikuwa na desturi hiyo: pembeni kidogo tu ya Piazza Navona kuna sanamu chakavu iitwayo Pasquino, iliyowekwa pale mwaka 1501, ambayo watu waliibandikia mashairi ya kuwasema wakubwa bila kuweka jina. Kikaratasi kinachokumbukwa zaidi kinasema hivi: "Hatutaki nguzo wala chemchemi, mkate ndio tuutakao, mkate, mkate, mkate!"

Sidhani kwamba hili linafuta uzuri wa kazi. Lakini vitabu vingi vya utalii hulitaja kwa nusu sentensi kisha vikarudi kwenye misuli ya marumaru, na hilo linaniuma. Watu wale walikuwa wakiishi mbele ya kazi hiyo kila siku, wakiona fedha zao zinavyogeuka mawe. Jina la kila mchongaji limehifadhiwa. La mwandishi wa kikaratasi kile halimo popote, ilhali maneno yake yameishi karibu miaka 400.

Wale wanaume wanne ni akina nani?

Ni mito, kila mmoja ukisimama kwa bara lake kama dunia ilivyochorwa kwenye ramani za Ulaya za wakati huo: Nile kwa Afrika, Ganges kwa Asia, Danubi kwa Ulaya, na Rio de la Plata kwa Amerika. Wasomaji wa Biblia hukumbuka pia mito minne ya Edeni katika kitabu cha Mwanzo, Pishoni, Gihoni, Hidekeli na Frati, na ni wazi waliobuni chemchemi waliikumbuka pia.

Kuwatofautisha si kazi. Ganges ameshika kasia refu, ishara kwamba mto wake unapitika kwa vyombo. Danubi ananyoosha mikono kuigusa nembo ya Papa, na karibu yake farasi anachomoka pangoni. Rio de la Plata, ambaye jina lake lina maana ya Mto wa Fedha, amekaa juu ya rundo la sarafu. Hapo tafakari kidogo: fedha ya Amerika ilichimbwa na watu walioshurutishwa, na kwenye sanamu imekuwa pambo. Majini chini yake yuko kiumbe wa ajabu anayedhaniwa kuwa armadilo, mnyama wa Amerika mwenye magamba, anayewakumbusha watu wa Afrika Mashariki kakakuona. Aliyemchonga ni wazi hakuwahi kumwona akitembea. Nile ana mtende na simba anayeinama kunywa maji.

Kwa nini Nile amefunikwa kichwa?

Kwa sababu Wazungu wa wakati ule hawakujua mto huo unaanzia wapi. Kitambaa kile ni sentensi iliyoandikwa kwa jiwe: asili yake imefichika.

Imefichika kwa nani, ndilo swali. Waliokaa kando ya ziwa waliloliita Nyanza, au Nalubaale kama wanavyosema Waganda, waliyaona maji yakitoka ziwani kuelekea kaskazini kila siku ya maisha yao. Watu wa Gojam kule Ethiopia walikijua na kukiheshimu chanzo cha Nile ya Buluu, na mwaka 1618 walimfikisha hapo padri Pedro Páez. Kwa hiyo wakati mchongaji analaza kitambaa juu ya uso wa Nile, miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita tangu Mzungu huyo aoneshwe nusu ya siri.

Nusu nyingine ilichukua muda zaidi. John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake, Viktoria, na mwaka 1862 akafika mahali mto unapotoka ziwani, kwenye maporomoko yaliyokuwa karibu na Jinja ya leo. Hakufika peke yake. Alifuata njia za misafara iliyokuwa ikitoka pwani, na safari zote mbili alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akaishi India, kisha akarudi. Speke alisema naye Kihindustani, naye akawauliza wenyeji kwa Kiswahili. Hivyo sehemu ya jibu la fumbo lililofunikwa kitambaa pale Roma ilitafutwa kwa lugha unayoisoma sasa hivi.

Nimesikia Nile amejifunika ili asilione kanisa la Borromini. Ni kweli?

Hapana. Hadithi inasema Nile hataki kuona ubaya wa Sant'Agnese in Agone, kanisa lililo mbele ya chemchemi, na kwamba Rio de la Plata ameinua mkono kwa hofu kanisa lisimwangukie. Chemchemi ilizinduliwa Juni 1651. Ujenzi wa kanisa ulianza Agosti 1652, na Borromini akaingia kazini 1653. Huwezi kuliogopa jengo ambalo bado halijachimbiwa msingi. Waongozaji wa watalii wanaipenda kwa sababu inachekesha, lakini inamkosea Borromini mara ya pili.

Ile nguzo ya juu ni ya Misri kweli?

Jiwe ni graniti ya Misri, ila maandishi yake si ya mafarao. Domitian, yule yule aliyejenga uwanja wa michezo, ndiye aliyeagiza obeliski hii, na maandishi ya picha yaliyochongwa juu yake yanamtaja yeye, baba yake Vespasian na kaka yake Tito. Inaaminika ilisimama kwanza kwenye hekalu la Isis, mungu wa kike wa Misri, huko Roma. Mwanzoni mwa karne ya 4 Kaisari Maxentius aliihamishia kwenye uwanja wake wa mbio za magari ya farasi, kando ya barabara ya Appia. Huko ilianguka, ikavunjika vipande, na kulala nyasini kwa karne nyingi.

Katika miaka ya 1630 nusura iondoke Italia. Tajiri Mwingereza mpenda mambo ya kale, Thomas Howard, mtawala wa Arundel, alitoa malipo ya awali ili avisafirishe vipande hivyo hadi London, lakini Papa Urbano VIII akakataza visitoke. Bila katazo hilo, chemchemi ingekuwa na umbo jingine kabisa.

Vipande vililetwa Piazza Navona, vikaunganishwa, na obeliski ikasimamishwa mwaka 1649. Ina urefu wa zaidi ya mita 16; ukijumlisha mwamba na msingi, yote inafika takriban mita 30. Juu kabisa hakuna msalaba kama kwenye obeliski nyingine nyingi za Roma. Kuna njiwa wa shaba mwenye tawi la mzeituni mdomoni, nembo ya ukoo wa Pamphilj.

Padri Mjesuiti Athanasius Kircher, msomi aliyeheshimika sana, alichapisha mwaka 1650 tafsiri ndefu ya maandishi yale, iliyojaa siri za miungu na falsafa. Karibu yote ilikuwa makosa. Ilibidi dunia imsubiri Jean-François Champollion, mwaka 1822, kuanza kuyasoma ipasavyo.

Obeliski nzito namna ile inasimamaje juu ya pango?

Hili ndilo lililowatisha watu wa 1651, na ndilo linaloonyesha ujasiri wa Bernini. Mtu wa kawaida angeweka nguzo juu ya msingi mzima uliojaa. Yeye aliutoboa msingi pande nne, ukiinama unaona hadi upande wa pili, na uzito wote wa graniti ukaelekezwa kwenye miguu ya mwamba iliyo pembeni. Mwamba ni travertini, jiwe la chokaa la karibu na Roma ambalo ni rahisi kulichonga na bado hubeba mzigo. Macho yanakuambia lazima ianguke. Hesabu zinasema haianguki.

Wapinzani walisambaza uvumi kwamba itaporomoka. Wanasimulia kwamba siku moja Bernini alikuja uwanjani, akatazama juu kwa wasiwasi, akaagiza obeliski ifungwe nyuzi nne nyembamba hadi kwenye nyumba za jirani, kisha akaondoka ametulia. Iwe ilitokea ama la, nguzo iko pale pale.

Bernini alichonga mwenyewe?

Michoro na usimamizi ni wake. Sanamu kuu zilichongwa na mafundi wanne: Giacomo Antonio Fancelli alichonga Nile, Claude Poussin Ganges, Antonio Raggi Danubi, na Francesco Baratta Rio de la Plata. Bernini mwenyewe inaaminika aliuchonga mwamba, mtende na wanyama.

Je, uwanja ulikuwa ukifurikishwa kwa makusudi?

Ndiyo. Kuanzia 1652 hadi miaka ya 1860, mwishoni mwa juma katika mwezi wa Agosti, mifereji ya kutolea maji ya chemchemi ilizibwa na maji yakaachwa yafurike. Sakafu wakati huo ilikuwa imebonyea katikati kama sahani, kwa hiyo likatokea ziwa. Matajiri walipita na magari yao ya farasi yakirusha maji, watoto wakaoga, jiji zima likapoa. Hapo maji yaliwafikia hata wale ambao mkate wao ulisinyaa kwa ajili yake. Soko liliondoka mwaka 1869 kwenda Campo de' Fiori, na sakafu ya leo imejengwa kwa mgongo, haiwezi tena kushika maji.

Na chemchemi nyingine mbili za uwanjani?

Ya kusini, ya Moro, iliongezewa sanamu yake ya katikati kwa mchoro wa Bernini katika miaka ya 1650. Ya kaskazini ilikaa bila sanamu kwa miaka 300, hadi ilipopata Neptune wake, mungu wa bahari wa Warumi, mwaka 1878.

Naweza kunywa maji yake, au kuingia?

Usifanye lolote kati ya hayo. Kuingia ndani ya chemchemi za kihistoria za Roma ni kosa, na faini yake ni mamia ya yuro. Kwa kiu, tafuta nasoni, vibomba vya chuma vilivyoanza kuwekwa mitaani mwaka 1874, ambavyo hutoa maji safi ya bure mchana na usiku.

Imewahi kuharibiwa?

Mwaka 1997 watu waliopanda juu yake walivunja mkia wa mmoja wa viumbe wa majini. Baadaye ilifungwa kwa ukarabati mrefu uliokamilika mwishoni mwa 2008. Adui wake wa kila siku ni moshi wa jiji, vinyesi vya ndege na chokaa inayoachwa na maji yenyewe.

Nina dakika kumi tu. Nitazame nini?

Achana kwanza na obeliski, utaiona tu. Nenda usawa wa maji. Mtafute simba anayekunywa, kisha zunguka umfuate mwili wake hadi mkia unaotokezea upande mwingine wa mwamba. Utazame mtende: upepo umeuinamisha, ingawa ni jiwe. Mtazame Nile, mkono wake unavyolishika lile guo. Halafu chuchumaa kidogo mahali ambapo pango linapenya, utazame ndani. Kati ya miguu ya mwamba utawaona watu wa upande wa pili, wengine nao wamechuchumaa, wanakutazama wewe.